Kufanana na Kukubaliwa: Nakivale, Ankole na Mjadala wa Marekani Juu ya Wageni

Swali la namna jamii ya Marekani inavyopaswa kuwapokea watu wanaohamia humo, yaani kama iwatake waache lugha na desturi zao ili wafanane na waliowatangulia, au iwaache wakae nazo na bado iwahesabu kuwa wenzao, lilikuwa kwa muda mrefu swali la Wamarekani wenyewe na la wasomi wanaoichunguza nchi yao. Tangu tarehe 20 Januari 2025 limekuwa pia swali la wilaya ya Isingiro, katika eneo la Ankole, kusini magharibi mwa Uganda. Siku hiyo Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa nchi yake wa kuwapokea wakimbizi, na amri hiyo, pamoja na kutaja usalama na mzigo wa gharama, ilieleza kwamba Marekani iwapokee wale tu watakaoweza kujichanganya kikamilifu na ipasavyo katika jamii yake. Usimamishaji ulianza kutekelezwa tarehe 27 mwezi huohuo, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako kuna familia zilizongoja kesi zao kwa miaka mingi, zikapita mahojiano baada ya mahojiano na vipimo vya afya, safari zikafutwa. Kwa maneno mengine, watu hao walihukumiwa juu ya uwezo wao wa kufanana na Wamarekani kabla ya kuiona Marekani yenyewe.

Mhadhara huu hautafuti kuamua ni upande upi wa mjadala wa Marekani ulio na hoja tamu zaidi. Unashikilia jambo moja: kwamba mjadala wenyewe, kama unavyoendeshwa, umeweka kizuizi mahali kisipokuwapo. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba tatizo limo katika utamaduni wa mgeni, upande mmoja ukisema utamaduni huo uondolewe na mwingine ukisema ulindwe, ilhali historia ya Ankole, ya Kongo, ya Tanzania na ya Marekani yenyewe inaonyesha kwamba mtu anaweza kufanana na wenyeji wake kwa kila kitu akafukuzwa, na anaweza kutofanana nao kwa mengi akawa raia mwema, na kwamba kinachotenganisha hali hizi mbili ni sheria ya uraia na nia ya wanaoitumia.

Istilahi mbili zahitaji kuelezwa mapema. Ufyonzaji, katika mhadhara huu, ni siasa au hali ambayo kwayo kundi la wageni hupoteza hatua kwa hatua alama zinazolipambanua, yaani lugha, mavazi, majina, namna ya kuoa na kuzika, hadi wajukuu wasiweze kutofautishwa na watu wengine wa nchi. Wingi wa tamaduni ni msimamo ulio kinyume chake, unaodai kwamba nchi moja inaweza kuwa na jamii nyingi zenye lugha na desturi zao, na kwamba dola haipaswi kuzivumilia tu bali kuzitambua, kwa mfano kwa kugharimia ufundishaji wa lugha zao au kwa kuweka wakalimani mahakamani na hospitalini. Kati ya misimamo hiyo miwili kuna hali nyingi za katikati, ambazo kwa kawaida huitwa utangamano, na kwa kweli watu wengi huishi humo katikati bila kulijua jina lake.

Hofu ya Marekani juu ya wageni ni ya kale kuliko dola yenyewe. Mwaka 1751, robo karne kabla ya uhuru, Benjamin Franklin aliandika akilalamika kwamba Wajerumani waliokuwa wakimiminika Pennsylvania wangeigeuza koloni hiyo kuwa ya Kijerumani badala ya wao kugeuka kuwa Waingereza. Wajerumani hao leo hakuna anayewahesabu kuwa wageni. Mwaka 1908 tamthilia ya Israel Zangwill, Myahudi wa London, ilionyeshwa Washington na kuipa nchi hiyo taswira ya chungu ambamo mataifa yote ya Ulaya huyeyushwa na kutoka taifa moja jipya. Kiwanda cha magari cha Henry Ford huko Michigan kiliichukua taswira hiyo kama ilivyo: wahitimu wa shule yake ya Kiingereza, wengi wao wahamiaji kutoka mashariki na kusini mwa Ulaya, waliingia jukwaani katika chungu kikubwa cha maonyesho wakiwa na mavazi ya makwao, wakatoka upande wa pili wamevaa suti na wameshika bendera ndogo za Marekani. Mwaka 1915 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais kabla ya hapo, alihutubia New York akiwalaani wale waliojiita Wamarekani wa asili ya mahali fulani, kwani kwake hapakuwa na Mmarekani wa nusu.

Mwaka huohuo wa 1915 mwanafalsafa Horace Kallen, mtoto wa rabi aliyezaliwa Silesia, iliyokuwa sehemu ya Ujerumani, alieleza katika jarida la The Nation kwamba demokrasia ya kweli haihitaji chungu, bali inafanana na okestra ambamo kila ala hubaki na sauti yake na muziki hutokana na kupatana kwazo. Hapo ndipo wazo la wingi wa tamaduni lilipopata sura yake ya kwanza ya kisomi nchini Marekani, ingawa Kallen, kama wakosoaji wake walivyosema baadaye, alikuwa akiwafikiria watu wa Ulaya na hakusema la maana juu ya Wamarekani weusi, ambao babu zao walikuwa humo kabla ya wengi wa wapiga ala wake. Kasoro hiyo haipaswi kupitwa haraka. Watu waliofika Marekani kwa minyororo walinyang'anywa lugha zao, majina yao na dini zao kwa ukamilifu ambao hakuna mhamiaji wa Ulaya aliyewahi kuujua, hata ikiwa ufyonzaji ni kupoteza vitu hivyo basi wao ndio waliofyonzwa kuliko wote. Na bado sheria ya uraia ya 1790 iliwahesabu watu weupe walio huru peke yao kuwa wanaostahili kuandikishwa, na hata baada ya utumwa kukomeshwa walitengwa shuleni, kazini na kwenye kura kwa miaka mingine mia moja.

Kesi iliyoweka jambo hili wazi kuliko nyingine zote ni ya Takao Ozawa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1922. Ozawa alizaliwa Japani, akaenda Marekani akiwa kijana, akasoma sekondari Berkeley na kisha Chuo Kikuu cha California, akaishi katika himaya ya Marekani kwa miaka 20, akawapeleka watoto wake katika kanisa na shule za Kimarekani na kuzungumza Kiingereza nyumbani kwake. Alitimiza kila sharti ambalo Roosevelt angeweza kulibuni. Mahakama haikupinga hata moja kati ya hayo, ila ilisema kwamba sheria iliwaruhusu weupe na watu wa asili ya Afrika peke yao, naye hakuwa mmoja wao, na ombi lake likatupwa. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji ya 1924, iliyofunga karibu kabisa njia ya watu wa Asia na kuwapunguza sana watu wa kusini na mashariki ya Ulaya, hadi ilipobadilishwa mwaka 1965. Ajabu ni kwamba mahakama hiyohiyo, mwaka 1923, katika kesi ya mwalimu Meyer dhidi ya jimbo la Nebraska, ilikuwa imebatilisha sheria iliyokataza kuwafundisha watoto wadogo kwa lugha ya Kijerumani. Kwa hiyo katika muda wa miezi michache mtu wa Ulaya alithibitishiwa haki ya kubaki na lugha yake, na mtu wa Asia aliyeiacha ya kwake alinyimwa uraia.

Miongo iliyofuata 1965 yaweza kupitiwa kwa kifupi. Kanada ilitangaza mwaka 1971 kuwa wingi wa tamaduni ni siasa rasmi ya serikali, jambo ambalo Marekani haijawahi kulifanya kwa ngazi ya taifa. Hata hivyo mahakama na majimbo yake yalikwenda upande huo, na mwaka 1974, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliamuliwa kwamba kumweka mtoto darasani bila msaada wowote wa kuielewa lugha ya kufundishia ni kumbagua. Kisha wimbi lilirudi. Mwanahistoria Arthur Schlesinger alionya mwaka 1991 kwamba taifa lilikuwa likivunjwa vipande, Samuel Huntington akarudia onyo hilo mwaka 2004 akiwalenga watu wa Meksiko, na tarehe 1 Machi 2025 amri nyingine ya Rais Trump ikakitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi, hadhi ambayo hakikuwa nayo kwa karibu miaka 250. Utafiti, kwa upande wake, umekuwa ukisema jambo lilelile kizazi baada ya kizazi, kwamba wajukuu wa wahamiaji wengi huongea Kiingereza peke yake, iwe serikali imeamuru au haikuamuru.

Katika wasomi wote wa mjadala huu, anayefaa zaidi kwa msomaji wa Ankole ni Milton Gordon, ambaye katika kitabu chake cha 1964 alitenganisha mambo mawili ambayo wanasiasa huyachanganya. La kwanza ni kufanana kitamaduni, yaani mgeni kujifunza lugha, chakula na adabu za wenyeji. La pili ni kuingizwa katika muundo wa jamii, yaani kukubaliwa katika vyama, kazi, ndoa na nafasi za uamuzi za wenyeji hao. La kwanza, aliona Gordon, laweza kutokea lote bila la pili kufuata. Ila yeye aliandika juu ya nchi ambamo mtoto wa mgeni, akizaliwa humo, ni raia kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868. Kinachotokea mahali ambapo msingi huo haupo ni jambo ambalo Nakivale inaweza kulieleza vizuri zaidi.

Nakivale, iliyo katika wilaya ya Isingiro pembeni mwa ziwa lenye jina hilohilo, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ikatangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia ghasia za Rwanda zilizoanza Novemba 1959, na kwa hiyo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale kuliko yote barani Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 185, limegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo, na katika miaka ya karibuni limekuwa na watu zaidi ya 150,000, wengi wao Wakongo, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo kila mtu makazini huiita OPM, huwapa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, ingawa vipande hivyo vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka, na ugomvi wa mipaka kati ya wakimbizi na wafugaji na wakulima wenyeji si jambo la kubuniwa.

Hakuna aliyewahi kupanga ufyonzaji wala wingi wa tamaduni huko Nakivale, na labda ndiyo sababu yote mawili yanaonekana humo kwa uwazi. Mbembe wa Fizi na Mnyamulenge wa milima ya Itombwe, wote wa Kongo, Mrundi na Msomali hukutana kwa Kiswahili, ambacho Mkongo huja nacho na wengine hukipatia sokoni, na Wanyankole wanaopeleka matoke, maharage na maziwa Base Camp hujifunza hichohicho ili biashara iende, ingawa katika Uganda ya kusini Kiswahili kilibeba kwa miaka mingi kumbukumbu mbaya ya wanajeshi. Hapo mwenyeji ndiye anayejifunza lugha ya mgeni. Watoto nao husoma kwa mtaala wa Uganda, na mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa Uvira hulazimika kuanza upya kwa Kiingereza, mara nyingi akiwa mkubwa kuliko wenzake darasani, huku uwanjani akiokota Kinyankole bila mwalimu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda ulieleza jinsi Wakongo wa Nakivale walivyounganishwa na biashara ya vitenge na Wasomali na biashara ya samaki wa kopo aina ya tuna, na ukaonyesha kwamba mjini Kampala mkimbizi mmoja kati ya watano alikuwa na biashara iliyoajiri watu wengine, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda.

Katika mji mdogo wa Kaberebere, ambamo teksi za kutoka Mbarara kwenda Isingiro hupita, mchanganyiko huu ni wa kila siku kiasi cha kutotajwa tena. Duka, karakana ya bodaboda, mashine ya kusaga na kanisa hazimuulizi mtu ni wa nchi gani kabla ya kumpa huduma. Ikiwa kufanana kitamaduni na kuzoeana katika kazi ndivyo vinavyomfanya mtu kuwa wa mahali, basi maelfu ya watu waliozaliwa Nakivale na kukulia kati ya ziwa na barabara ya Mbarara wangekuwa Waganda zamani.

Hawajawa, na historia ya eneo hili ina sababu ya kuuchukulia uzito mkubwa ukweli huo. Wakimbizi wa 1959 na watoto wao walikuwa wageni rahisi kufyonzwa kuliko karibu wote waliowahi kuvuka mpaka katika Afrika Mashariki: Kinyarwanda na Kinyankole ni lugha za jirani, ufugaji wao wa ng'ombe na ule wa Wahima ni ndugu, dini zilikuwa zilezile, na ndoa zilikuwa zimefungwa kuvuka mpaka huo kabla mkoloni hajauchora. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 wengi walikuwa wameondoka makazini, wakasoma Mbarara, wakanunua ardhi, wakaongea Kinyankole kama lugha ya nyumbani. Oktoba 1982, chini ya serikali ya pili ya Milton Obote, viongozi wa chama chake cha UPC katika Ankole waliongoza operesheni ya kuwafukuza. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaporwa, na makumi ya maelfu ya watu walisukumwa ama kurudi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga ama kuvuka kwenda Rwanda, ambako hawakutakiwa pia, na wengine walikwama mpakani bila nchi yoyote iliyowakubali. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Wahima na Wanyarwanda ambao walikuwa raia wa Uganda kwa kila kipimo cha sheria. Mfukuzaji hakuwa na njia ya kuwatofautisha, na hakujali.

Ikumbukwe kwamba miaka kumi kabla yake Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Katika mkutano wa Desemba 1971 aliwalaumu kwa kujitenga na kukataa kuoleana na Waafrika, na Agosti 1972 akawapa siku 90 za kuondoka. Waasia walifukuzwa kwa kutofanana, Wanyarwanda walifukuzwa japo walifanana mno. Mwenye kuamini kwamba kiwango cha ufyonzaji ndicho kinachomlinda mgeni atalazimika kueleza kwa nini vipimo viwili vilivyo kinyume vilitoa hukumu moja.

Matokeo ya 1982 hayakubaki Ankole. Vijana wengi wa Kinyarwanda, waliokuwa wamefundishwa kwa moto kwamba kuongea Kinyankole hakutoshi, walijiunga na jeshi la msituni la Yoweri Museveni. Baada ya ushindi wa 1986 baadhi yao, kama Fred Rwigyema aliyefikia unaibu waziri wa ulinzi, walipanda vyeo vya juu, lakini minong'ono kwamba ni wageni haikukoma, na tarehe 1 Oktoba 1990 walivuka mpaka wa Rwanda kwa silaha. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, ila kuvieleza bila kutaja mlango wa uraia uliofungwa nchini Uganda ni kuacha nusu ya habari.

Katiba ya Uganda ya 1995 ilirekebisha sehemu ya kosa hilo na kuiacha sehemu nyingine. Iliwaorodhesha Wanyarwanda miongoni mwa jamii asilia zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, lakini Ibara yake ya 12 inayomruhusu mtu aliyezaliwa nchini kuandikishwa kuwa raia inamtoa yule ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Maana yake ni kwamba ukimbizi hurithiwa hadi kizazi cha tatu. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba mkimbizi hawezi kuandikishwa kwa njia hiyo, ila anaweza kuomba uraia wa tajnisi, yaani uraia unaotolewa kwa ombi la mgeni aliyekaa muda mrefu, na muda huo kwa sheria ya Uganda ni miaka 20. Uganda husifiwa duniani kote kwa ukarimu wake, na sifa hiyo inastahili. Lakini ukarimu unaompa mtu shamba, shule na soko na kumnyima uraia ni ukarimu unaoweza kufutwa asubuhi moja, kama ulivyofutwa 1982.

Wakongo wanaoishi Nakivale leo hawahitaji kufundishwa somo hili, kwa kuwa wengi wao walikimbia kutokana nalo. Sheria ya Zaire ya Juni 1981 iliufungamanisha uraia na kuthibitisha kwamba kabila la mababu lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi mwaka 1885, na kwa kalamu hiyo Wanyarwanda wa Kivu na Banyamulenge, walioongea Kiswahili cha Uvira kama majirani zao, waligeuzwa wageni katika vijiji walimozaliwa. Sheria ya 2004 ililegeza jambo hilo, ila bunduki zilikuwa zimeshasema. Mbembe na Mnyamulenge waliopigania milima ileile sasa hupanga foleni moja ya rasheni huko Nakivale, na hakuna anayewauliza nani kati yao ni Mkongo halisi.

Tanzania yatoa mfano unaofaa zaidi, kwa sababu humo serikali ilijaribu kwa makusudi njia ya ufyonzaji na ikaiacha. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa zaidi ya miaka 30, na walipoulizwa mwaka 2007 karibu wanne kati ya watano walichagua kubaki na kuwa Watanzania. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia kwa tajnisi, tukio ambalo ni nadra kulipata mahali pengine duniani kwa ukubwa huo. Lakini liliwekwa sharti: wangepewa vyeti baada ya kuyahama makazi yao na kutawanywa katika mikoa mingine, ili wasiendelee kuwa kisiwa cha Kirundi ndani ya Tanzania. Hoja hiyo ina mantiki ya kiserikali, na Roosevelt angeipenda. Iliwaweka watu miaka minne bila kuwa wakimbizi na bila kuwa raia, mashamba yao yakiwa hayana uhakika, hadi sharti lilipoachwa na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014, kila mtu akiwa palepale alipo. Watoto wa Katumba na Mishamo walikuwa wameshaongea Kiswahili cha shule za Tanzania kabla ya vyeti hivyo. Kutawanywa kusingewaongezea Utanzania wowote.

Wale waliobahatika kuondoka Nakivale kabla ya 2025 wamelijaribu swali hili kwa upande wa Marekani. Wakongo walikuwa taifa lililoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko mwaka wa fedha wa 2016, zaidi ya 16,000, na tena mwaka 2019, walipokuwa karibu 13,000 kati ya wakimbizi 30,000 wa mwaka mzima. Walipelekwa Louisville, Dayton, Boise, Des Moines, Abilene na miji mingine ya ukubwa wa kati, ambako sheria ya wakimbizi ya 1980 huwataka wajitegemee mapema iwezekanavyo, msaada wa mapokezi hudumu takribani siku 90, na deni la nauli ya ndege huanza kulipwa baada ya miezi michache. Hiyo ndiyo mashine halisi ya ufyonzaji ya Marekani: kazi ya kiwandani au ya machinjioni, shule ya serikali kwa watoto, kadi ya ukaazi baada ya mwaka mmoja na haki ya kuomba uraia baada ya mitano. Ibada za Kiswahili zinaendelea Jumapili, vitenge huvaliwa harusini, na watoto hujibu kwa Kiingereza wanapoitwa kwa Kiswahili. Mji wa Lewiston katika jimbo la Maine, ambao meya wake aliandika barua ya wazi mwaka 2002 akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia humo, uliendelea kuwapokea, wakiwamo Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao waliendelea kuongea Kizigula cha mababu zao wa Handeni baada ya zaidi ya karne moja katika bonde la Juba, mahali ambapo hawakuwahi kuhesabiwa kuwa sawa na wengine. Kundi lililonyimwa usawa kwa miaka mia huishika lugha yake. Kundi lililopewa karatasi na kazi huanza kuipoteza katika miaka kumi. Wazazi wengi wa Kikongo huko Marekani wangependa kasi hiyo ipungue.

Upande wa wingi wa tamaduni nao una udhaifu ambao si haki kuufunika. Dola inapozitambua jamii, hulazimika kumtambua mtu wa kusema kwa niaba ya kila jamii, na mara nyingi mtu huyo ni mzee wa kiume ambaye hakuchaguliwa na wanawake wala vijana anaowasemea. Jambo hilo linajulikana Nakivale pia, katika kamati za kila taifa. Tena wanaodai lugha ya pamoja hawakosei: mtu asiyeelewa lugha ya daktari, ya hakimu na ya mwajiri huishi kwa hisani ya mkalimani. Lakini hakuna mzazi wa Nakivale anayehitaji amri ya rais ili ampeleke mtoto wake kujifunza Kiingereza, na anayelihubiri hitaji hilo kwa watu wanaolipa karo kwa kuuza rasheni yao anahubiri katika kanisa lisilo lake.

Kilichofuata usimamishaji wa Januari 2025 kimeondoa shaka iliyobaki juu ya maana ya kipimo hicho. Mei 2025, wakati kesi za Nakivale zimefungwa, kundi la kwanza la Makaburu wa Afrika Kusini lilipokelewa karibu na Washington, na Naibu Waziri wa Mambo ya Nje Christopher Landau, akiulizwa sababu ya kuwapendelea, alitaja urahisi wao wa kufyonzwa katika jamii ya Marekani. Baadaye mwaka huo kiwango cha wakimbizi wa mwaka mzima kilishushwa hadi 7,500, chini kuliko vyote tangu sheria ya 1980, na nafasi nyingi zikatengewa Makaburu hao. Siku ileile ya 20 Januari ilikuwa imetolewa pia amri ya kuwanyima uraia wa kuzaliwa watoto wa baadhi ya wageni, ambayo ilipingwa mahakamani mara moja. Kwa hiyo serikali inayodai kutaka ufyonzaji inaishambulia sheria iliyofyonza watu wengi kuliko zote, na inampima mgeni kwa jambo ambalo Ozawa angelitambua.

Uganda haiwezi kuilaumu Marekani kwa hilo huku Ibara ya 12 ikisimama kama ilivyo. Wabunge wa Isingiro na wa Mbarara, ambao wapiga kura wao wanakula, kuuza na kuzika pamoja na watu wa Nakivale, ndio wenye sababu kubwa kuliko wengine ya kupeleka bungeni hoja ya kuiondoa katika ibara hiyo sehemu inayomhesabu mjukuu kuwa mkimbizi kwa sababu ya babu yake, na wananchi wa Kaberebere wana haki ya kuwaomba wafanye hivyo.